Mwanafunzi wa Mama Domitille

Treni kutoka Lubumbashi iliingia Kalemie baada ya siku kumi na moja njiani, saa nne ya asubuhi, na stesheni ilikuwa imejaa watu waliochoka kuingoja. Wachuuzi wa unga, askari, wanawake wenye mabeseni ya ndagala, wale dagaa wakavu wa ziwani, wote walisukumana kuelekea kwenye mabehewa. Blandine alikuwa amekuja kuchukua kifurushi chake cha nyuzi na vifungo. Alivaa kitenge cha kijani chenye maua ya manjano, alichokishona mwenyewe kikamkaa sawasawa kiunoni, na tepu ya kupimia bado ilining'inia shingoni, kwa jinsi alivyotoka mbio.

Mlango wa behewa la nyuma ulifunguliwa, akashuka farasi.

Watu walirudi nyuma. Wengi wao farasi walimjua kwa televisheni tu. Huyu alikuwa jike mweupe, mrefu, anapumua kwa nguvu, na aliyeshika kamba yake alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, shati limelowa jasho mgongo mzima. Farasi akainua kichwa, akarudi kinyumenyume, ukwato ukakanyaga beseni. Ndagala wakatapakaa chini. Mwenye beseni alipiga kelele za hasara yake, na Blandine, aliyekuwa karibu, akainama kumsaidia kuokota.

"Papa," alisema bila kuinua macho, "mwambie mugeni wako asikanyage chakula ya watu."

"Pole, Mama. Amechoka na safari."

"Anauma?"

"Haumi."

"Unajua namna gani?"

Kijana alimtazama vizuri sasa: vidole vyembamba vyenye alama za sindano, nywele zilizosukwa mistari midogo, kinywa kinachotaka kucheka na kujizuia.

"Niko mufundi wa farasi," alisema. "Tangu utoto."

Haikuwa kweli. Kijana huyo, Kyungu, alikuwa mtunza bustani wa Papa Nicolas, mwenye hoteli moja ya ufukweni. Papa Nicolas alikuwa amemnunua farasi huyo, jina lake Perle, ili amuonyeshe mbele ya watu kwenye maonyesho ya wakulima na wafugaji mwezi wa nane. Alipouliza wafanyakazi wake nani anajua farasi, Kyungu alijibu haraka, "Mimi, Papa." Kule Nyunzu, kabla ya vita kumtoa, alichunga ng'ombe wa misheni. Farasi hakuwahi kumgusa mpaka asubuhi ile, alipopanda behewani kumtoa.

Siku ya tatu, Perle alimburuta kutoka langoni hadi majini, na Kyungu akajua kwamba uongo wake hautafika mwezi wa nane. Kwenye kijitabu cha chanjo alikuta namba ya simu ya mtu aliyemlea farasi yule. Alijificha nyuma ya kamba za kuanikia mashuka ya hoteli, akapiga.

Aliyepokea ni Mama Domitille, mwanamke wa miaka sitini na minane, aliyeandaa farasi wa maonyesho Lubumbashi kwa miaka arobaini. Magoti yalikuwa yamemkatalia uwanja, lakini sauti yake ilibaki ya msichana, na sasa alifundisha watu kwa simu.

"Unajua nini juu ya farasi?" alimuuliza.

"Hakuna kitu, Mama."

"Muzuri. Basi hakuna kitu cha kuharibu."

Tangu siku hiyo, kila alfajiri Kyungu alifunga simu kwenye nguzo ya uzio, kamera ikiangalia mchanga, akaweka kisikizio sikioni.

"Usimuvute. Simama ku bega yake. Tazama kule unaenda, usimutazame macho. Sasa legeza kamba. Haraka. Akifanya vizuri, kamba njo inamwambia asante."

Baada ya wiki sita Perle aliweza kusimama miguu minne imelingana, masikio mbele, shingo imenyooka, na kukimbia taratibu kando ya Kyungu bila kamba kukaza. Kila aliyepita alisimama kutazama. Kisikizio hakuna aliyekiona.

Blandine naye alikuwa amempa namba siku ileile ya stesheni, na sasa walikuwa wapenzi, wakipigiana kila jioni.

"Allo, mufundi wangu."

"Allo, mufundi wa cherehani."

"Umekula?"

"Nimekula. Chumvi njo ilikosekana. Sasa nimesikia sauti yako."

"Muongo we."

Kyungu alicheka pamoja naye, lakini neno lile, muongo, lilimchoma kama mwiba wa samaki. Wateja wa Blandine walikuwa wanaambiwa kila siku, "Wangu ni mufundi wa farasi, peke yake ku jimbo yote ya Tanganyika." Walipomkuta njiani walimsalimia kwa jina hilo, naye akaangalia viatu vyake. Wao walidhani ni unyenyekevu, na Blandine akazidi kumpenda kwa sababu yake. Usiku Kyungu alijiapiza kwamba kesho atamwambia. Kesho ikifika, Blandine alikuwa na sifa mpya.

Alimshonea koti la maonyesho, la bluu iliyokolea, lenye vifungo viwili vya shaba. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe alidamka akalipeleka hotelini ili alipime mwilini mwake, bila kumpigia kwanza. Alitaka kumshtua.

Asubuhi ile kisikizio kilikuwa kimekufa. Kyungu alikuwa amefungua sauti ya simu yote.

Blandine alikuwa bado nyuma ya ukuta wa mashuka aliposikia mwanamke akisema, "Nimekuona, mupenzi wangu. Simama vile vile. Uko muzuri kupita wote."

Mama Domitille alikuwa anazungumza na farasi. Lakini aliyejibu alikuwa Kyungu, "Asante, Mama. Usituache leo."

Blandine akatokeza. Kyungu alimwona, akarukia simu, akaikata.

"Njo nani huyo?"

"Muntu wa Lubumbashi."

"Mwanamuke?"

"Ndiyo."

"Kila asubuhi?"

Kyungu alianza kuifungua simu kwenye nguzo.

"Kyungu, ni mwanamuke wako?"

Maneno mawili yangetosha. Alimwona Blandine amesimama na koti mkononi, pini zimechomekwa kwenye kola ya blauzi yake, akawaza wateja wote wa duka, akawaza neno mufundi. Aliacha kimya chake kijibu.

Blandine alilitundika koti kwenye uzio, taratibu, kama mtu anayeogopa kulikunja vibaya, akaondoka. Na kilichomtia Kyungu aibu kubwa kuliko yote, hata baadaye alipokumbuka, ni kwamba kwa dakika moja nzima alipumua kwa nafuu.

Alimpigia Blandine simu mara kumi na nne. Haikupokelewa. Siku ya pili Perle alikataa kusimama. Alirusha kichwa, akamzunguka, akatanua pua.

"Farasi anakukimbia," alisema Mama Domitille kutoka kwenye nguzo. "Umemufanya nini?"

"Hakuna, Mama."

"Mikono yako inakaza kamba. Naiona toka huku. Sema."

Alisema. Yote, kuanzia stesheni.

"Kwa hiyo," Mama Domitille alisema, "mimi, niko na wajukuu tisa, umenifanya hawara."

"Nisamehe, Mama."

"Kwa hawara nitacheka na wajukuu. Kwa hili siwezi kucheka: umenificha wiki sita kama kidonda. Mimi ni mwalimu wako. Nimekufanya nini, mpaka unione haya?"

"Si wewe, Mama. Ni mimi."

"Basi usinipigie mpaka umalizane na hiyo haya."

Akakata.

Duka la Blandine lilikuwa sokoni, chumba kimoja chenye cherehani tatu. Kyungu alifika saa tano, wakati wa wateja. Wanafunzi wawili walikuwepo, na Mado, jirani muuza vitenge, na mama mmoja anayepimwa gauni la harusi.

"Naomba tuseme inje," alisema Kyungu.

"Niko na kazi," alisema Blandine, tepu imezunguka kiuno cha mteja. "Ukiwa na neno, sema hapa."

Masikio yalimwaka moto. Alishika kizingiti.

"Mi si mufundi wa farasi. Nilichunga ng'ombe Nyunzu. Siku ile ya gare, pale treni iliingia, ilikuwa mara ya kwanza nashika farasi. Yule mwanamuke ni bibi muzee, ananifundisha kwa simu kila asubuhi. Kila kitu Perle anajua kimetoka kwake. Ile mupenzi alikuwa anaambia farasi."

Mado alianza kucheka, akaona uso wa Blandine, akaacha. Cherehani zote zilikuwa zimenyamaza.

"Ukaona afadhali nilie juu ya mwanamuke hata hayuko," Blandine alisema polepole, "kuliko nikujue?"

"Ndiyo."

"Kwa nini? Juu ya nini?"

"Juu ya mwanamuke ungekasirika. Juu ya hii ungenicheka."

Blandine aliiviringisha tepu kidoleni, akaifungua, akaiviringisha tena.

"Mi nilijitoboa vidole miaka tatu mbele ya watu, ndipo wakaniita fundi. Nilishona suruali, muguu moja ikatoka fupi, mwenyewe akaivaa sokoni ili wanicheke. Ningekucheka siku moja, Kyungu. Kisha ningekushikia simu." Aliirudisha tepu kiunoni mwa mteja. "Papa Nicolas anajua?"

"Bado."

"Basi unafanya nini hapa?"

Alitoka hapo akaenda moja kwa moja kwa Papa Nicolas. Mzee alimsikiliza amesimama, hakumkaribisha kiti.

"Nilikuuliza mbele ya wote," alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Utamuongoza siku ya maonyesho, kwa sababu hakuna mwingine. Kisha utarudi bustanini, mpaka huyo Mama aniambie kwa kinywa chake kwamba unaweza."

"Ndiyo, Papa. Na naomba siku hiyo wasome jina lake. Ya Mama."

Siku ya maonyesho Kyungu alivaa koti la bluu. Bendi ilikuwa inapiga upande mmoja wa uwanja, mbuzi na ng'ombe wamefungwa upande mwingine, na mtangazaji akasoma kwenye kipaza sauti kama alivyoandikiwa: "Farasi Perle. Mwalimu ni Mama Domitille wa Lubumbashi, anafundisha kwa simu. Anayemuongoza ni mwanafunzi wake, Kyungu, mutunza bustani."

Uwanja ulicheka. Mtu mmoja akauliza kwa sauti kama farasi naye ana namba ya simu. Kyungu alihisi damu usoni, akatazama kule anakotaka kwenda, akapiga hatua ya kwanza. Perle akaja begani kwake. Walizunguka kwa mwendo wa kawaida, kisha mbio taratibu, kisha wakasimama mbele ya jukwaa, miguu minne imelingana. Kicheko kilipungua, kikaisha. Tarumbeta lilipolia ghafla Perle aliruka pembeni; Kyungu akakaza kamba, kosa lile la siku za mwanzo, kisha akailegeza, akangoja mbele ya watu wote, akaanza upya.

Alipotoka, Blandine alikuwa kwenye kamba ya uzio ameinua simu yake. Ndani ya kioo palikuwa na uso mdogo wenye miwani.

"Mwisho ulivuta," alisema Mama Domitille. "Nimeona."

"Ndiyo, Mama. Nilivuta."

"Kesho asubuhi, saa ile ile."

Uso ukatoweka. Kyungu hakujua aweke wapi mikono.

"Ulimupata wapi?"

"Kwa Papa Nicolas. Na usifikiri nimemaliza kukasirika."

"Najua."

"Mado anaita duka yangu zizi. Wiki tatu sasa."

"Nisamehe, Blandine." Alimeza mate. "Nataka kwenda Moba, nimuone baba yako. Nataka kukuoa. Ukikataa, nitaelewa."

Blandine akabonyeza namba, akampa simu.

"Papa Pontien, baba yangu, njo anaita watu kwa kazi yao," alisema. "Mwambie yako."

Simu iliita mara mbili. Sauti nzito ikapokea, na nyuma yake upepo wa ziwa.

"Mimi ni Kyungu, Papa. Rafiki ya Blandine. Naomba kuja kujitambulisha kwenu."

"Unafanya kazi gani?"

Uso ulimwaka moto tena. Blandine hakuondoa macho.

"Natunza bustani, Papa. Na najifunza farasi, kwa simu, kwa Mama mumoja wa Lubumbashi."

"Kwa simu."

"Ndiyo, Papa."

"Na farasi anasikia?"

"Leo alisikia. Mwisho nilivuta kamba, akashtuka."

Blandine alikuwa ameshika ukosi wa koti la Kyungu bila kujua kwamba ameushika.

"Boti inatoka huko Jumatano," alisema mzee. "Mukuje wote wawili."