Mwenye Haya Hakuwa Mbwa

Mwoka mikate wa mtaani kwetu ana moyo mkunjufu, tena umepita kiasi. Mikate iliyoungua hakuitupa. Aliimwaga nyuma ya jiko, karibu na banda la kuku, ili mbwa mmoja mwembamba ale. Mbwa huyo alikuwa na masikio marefu na mkia wa manyoya mengi, na hakuwahi kubweka. Mwoka mikate alimwita Mwenye Haya, akajisifu kwamba amemfundisha adabu.

Mwanzoni mnyama alikuja gizani. Baadaye akawa anakuja mchana kweupe. Siku moja binti mdogo wa mwoka mikate alikuwa uani, anakula mkate. Mwenye Haya alimsogelea akaunyakua. Meno yalimkosa mtoto padogo tu. Mama alimbeba mwanawe, akamwambia mumewe achague moja: mbwa au mtoto.

Mwoka mikate, kwa hofu, alitaka kununua sumu. Bahati nzuri jirani yao ni daktari wa mifugo. Alichungulia uani, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mbwa gani huyu, jirani? Huyu ni bweha."

Akawaeleza kwamba bweha huingia mjini kufuata panya na takataka, na kwa kawaida huwakimbia watu. Akilishwa, woga humtoka. Sumu aliikataa katakata, maana ingeweza kuua paka, kuku, hata mtoto.

"Msimlishe tena," alisema. "Funikeni pipa la taka. Kuku wafungieni jioni. Mkimwona, simameni wima mpige kelele, msimpe mgongo mkakimbia. Akimng'ata mtu, hata akimkwaruza tu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa, kisha hospitali moja kwa moja. Kichaa cha mbwa hakina mzaha."

Kesho yake bweha akaja. Mwoka mikate alishika sinia na mwiko.

"Samahani, ndugu yangu," alianza, "leo hatuna..."

Mkewe alimpokonya sinia, akaligonga kwa nguvu. Bweha alitimua mbio. Mwoka mikate aliumia moyoni, nasi tulimtania sana.

Siku hizi bweha hupita mbali, ng'ambo ya mfereji, akiwinda panya. Juzi alisogea tena hadi kwenye uzio, akamkodolea macho mwoka mikate. Binti alikuwa anacheza uani. Baba mtu alisimama mbele yake, akainua mikono juu, akapaza sauti mpaka mtaa mzima ukasikia.

"Nenda zako! Nakupenda, lakini nenda zako!"

Bweha akaenda zake.