Aliyetoka Kwenye Kikao

Duka la jumla la Abdinur lilikuwa limefurika wanunuzi siku hiyo ya soko mjini Machakos. Kasiva aliingia kwa shughuli moja tu: kuona kama juisi ya maembe ya kiwanda chao imepangwa mbele au imesukumwa nyuma ya sabuni. Alivaa gauni la kitenge la rangi ya machungwa na viatu bapa vya kazini. Mbele ya rafu alimkuta mwanamume mwenye shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, amefungua chupa kabla hajailipia.

"Hiyo inalipiwa kwanza," Kasiva alimwambia.

"Nitalipa, madam. Ni tamu, lakini sukari imezidi. Aliyeitengeneza hana imani na embe."

"Aliyeitengeneza ni mimi."

"Aiya!" Mwanamume alicheka mpaka akafunika mdomo. "Basi nisamehe. Naitwa Mwanzia."

"Mimi ni Kasiva. Na husamehewi mpaka umalize hiyo chupa."

Aliimaliza palepale. Kasiva akaenda zake akitabasamu, na hata yeye hakujua tabasamu hilo limetoka wapi.

Jumatatu akamkuta ofisini kwa Mzee Kilonzo, mwenye kiwanda. Kumbe Mwanzia ndiye aliyetumwa na kampuni ya uwekezaji ya Nairobi iliyonunua nusu ya hisa. Zamani kampuni kama hizo zilileta watu wa hesabu tu, waliojua bei ya kila mashine na hawajawahi kuiwasha hata moja. Zikala hasara, zikashika adabu. Siku hizi huajiri wakurugenzi waliokwisha kuendesha viwanda wenyewe, na hao ndio husema kipi kinunuliwe, kiendeshwe vipi na nani akiongoze. Mwanzia alikuwa ameongoza kiwanda cha soda kwa miaka, na neno lake lilikuwa zito kuliko la wenye pesa.

Hakujifungia ofisini. Alikwenda Muthetheni kuzungumza na wakulima, akarudi viatu vimejaa vumbi. Sukari ilipunguzwa baada ya Kasiva kubishana naye wiki nzima. Jioni walipigiana simu kuhusu mashine ya kuosha maembe, na mashine hiyo, maskini, ikasahauliwa mapema.

"Umekula, bosi?"

"Mimi si bosi wako. Nimekula. Na wewe?"

"Chakula kiko, lakini hakuna wa kubishana naye."

"Mwanzia, uko na maneno mengi."

"Nipunguze?"

"Usipunguze."

Mapenzi yakaingia polepole, bila kelele. Hakuna aliyeyatamka, lakini wote wawili walijua.

Ndipo Mzee Kilonzo akatangaza kustaafu. Bodi ingemchagua mkurugenzi mkuu kati ya Kasiva na bwana mmoja kutoka Nairobi. Kasiva aliitaka kazi ile kwa moyo wake wote. Alianza hapo kiwanda kikiwa banda la mabati. Lakini kuliko cheo, alitaka kusikia kwamba mwanamume anayempenda anamwona anafaa.

Siku ya kikao, Carol wa mapokezi, aliyekuwa akipeleka chai ndani, alitoka uso umemshuka.

"Pole, Kasiva. Jina lako lilitajwa tu, Mwanzia akasimama akatoka. Hakusema kitu. Alikaa huko nje mpaka wakamaliza maneno yako."

Jioni Mzee Kilonzo akampigia simu. "Hongera, mwanangu. Wewe ndio utaongoza. Wote walikupigia kura, isipokuwa Mwanzia. Yeye hakupiga."

Kasiva alishukuru kwa adabu, akakata simu, akalia kama mtu aliyenyimwa. Mwanzia alipiga, Kasiva akaiacha simu iite. Mwanzia akaandika kwamba anaomba waonane amweleze, hakujibiwa. Kama haniamini, Kasiva alijiambia, ile asali yote ya simu ilikuwa ya nini?

Jumamosi alikwenda Kangundo kwa mama yake, Mama Peris. Hata hajavua viatu, bodaboda ikasimama nje. Mwanzia akashuka na suti ya kijivu iliyogeuka nyekundu kwa vumbi, ameshika mkate na majani ya chai.

"Mwaitu, mimi sitaki kuongea na huyo," Kasiva alimnong'oneza mama yake.

"Ni nani amesema uongee? Mgeni anakula kwanza. Mpakulie."

Nyumba ile ilikuwa na sheria yake: mgeni hatoi shida yake na tumbo tupu. Kasiva alitenga muthokoi wa mahindi na maharagwe kwa kishindo. Mwanzia alikula chini ya macho makali, na kila alipoanza, "Kasiva, ile siku," Mama Peris alimwongezea mwiko mwingine. Sahani ilipokwisha, mama akakumbuka ghafla kwamba kuku hawajapewa maji.

"Haya, sema," Kasiva akamwambia. "Kwa nini ulitoka?"

"Ni sheria yetu. Mtu akiwa na lake kwa jambo, haruhusiwi kukaa ndani likiamuliwa. Asubuhi, kabla ya kikao, niliwaambia."

"Uliwaambia nini?"

"Kwamba nakupenda, na nataka kukuoa ukikubali. Kwa hivyo wasiniulize kama unafaa. Sikutaka mtu aje kusema hicho cheo ulipewa na mimi."

Kasiva alimkodolea macho. "Uliambia bodi nzima?"

"Ndio."

"Na Mzee Kilonzo?"

"Yeye alinipa mkono."

"Mwanzia! Watu wote hao wanajua unataka kunioa, na mimi mwenyewe nimekaa nalia?"

"Nimekosa, mpenzi. Kazini tumezoea kutangaza mapema. Sikufikiria ni nani wa kutangaziwa kwanza." Akainama. "Na kampuni imenitoa kiwandani kwenu. Mwezi ujao naenda kiwanda cha maziwa, Nyeri. Siwezi kusimamia mke wangu."

"Bado si mke wako."

"Hata mwenye hajanijibu, siwezi kumsimamia."

Kasiva alitaka kuendelea kukasirika, hasira ikakataa kuja. Mtu huyu aliiacha kazi aliyoipenda ili cheo cha Kasiva kisitiwe doa, na yeye alimnyima hata salamu. Aliona haya, akafurahi, yote kwa pamoja. Akamfuta vumbi begani.

"Tafuta wazee wako," alisema. "Walete mbuzi wa ntheo, wale wa posa, hapa nyumbani, kama vile kila mwanamume anayeoa Ukambani hufanya."

"Kweli, Kasiva?"

"Kweli. Na hapo wakianza kunizungumzia, Mwanzia, ole wako utoke nje."