Kimono Kilichofungwa Kinyume

Mutsumi, jirani yetu wa huku Okaya, Japani, alikuwa fundi wa kung'arisha lenzi katika karakana moja ndogo karibu na ziwa. Kazi yake ilihitaji mikono mitulivu na pumzi ya polepole, na yote mawili alikuwa nayo. Aliishi na binti yake Kotone, wa miaka saba, wawili tu. Shule ikifungwa mchana, mtoto alikuja kumngoja mama yake pale karakanani, akikaa karibu na jiko la mafuta, na Bibi Fusae, mwenzake Mutsumi kwenye meza ya lenzi, alikuwa kila mara na kiazi kitamu cha moto amekificha mfukoni mwa aproni kwa ajili yake.

Wiki ile ya Novemba Mutsumi alikuwa na furaha. Kotone alikuwa amepelekwa hekaluni kuombewa, kama wasichana wote wa umri wake, akiwa amevaa kimono chekundu chenye korongo weupe ambacho mama yake naye alikivaa alipokuwa na miaka saba. Bibi Fusae ndiye aliyekuja asubuhi kumvisha, akipiga magoti kwenye mkeka, akikunja upande wa kushoto juu ya ule wa kulia kwa vidole vyake vilivyopinda, kama wavaavyo walio hai; kulia juu ya kushoto huvishwa maiti.

"Kaa wima, malaika wangu. Ukijikunja utafanana na mimi."

Walipopita karakanani wakirudi, bosi wao, bwana Hamazaki, aliwasimamisha mlangoni.

"Mama Kotone, niazime huyu binti mfalme dakika moja tu. Namtaka kwenye Pia."

Pia ndilo jina walilokipa chombo chao kipya cha picha, kwa kuwa kilizunguka kama pia ya watoto. Ndani ya kuba la kioo kulikuwa na skrini nyembamba kama karatasi, iliyozunguka kwa kasi hadi jicho likaacha kuiona. Chini yake projekta ilirusha vipande vya picha kupitia vioo, kila kipande mahali pake, na vipande vile vikaungana hewani. Ulikiona kitu kimesimama. Ungeweza kukizunguka, ukakiona kisogo.

"Ni ya nini, Bosi?"

"Ya studio za picha. Wateja wanakuja Ijumaa."

Mutsumi alikubali. Bosi yule ndiye aliyeruhusu mtoto akae karibu na jiko, na wema kama ule Mutsumi hakuusahau. Kotone akasimama katikati ya kamera, mkononi ameshika mfuko mrefu wa pipi za hekaluni, akitabasamu bila meno ya mbele.

Kesho yake mchana waliiwasha. Pia ikanguruma, hewa ndani ya kuba ikatetemeka, na Kotone mdogo, urefu wa mkono, akasimama pale akitabasamu. Wote wakapiga makofi. Bibi Fusae peke yake ndiye ambaye hakupiga. Alikuwa ameziba mdomo.

Mutsumi akasogea. Akaangalia kola.

Upande wa kulia ulikuwa juu ya ule wa kushoto.

"Bosi, zima."

"Kuna nini tena?"

"Nimesema zima! Kimono kimefungwa kinyume. Umemvisha mwanangu kama maiti!"

Sakuma, fundi kijana wa projekta, alikuna kichwa. "Samahani, dada. Ni kioo. Nimeweka kimoja zaidi, ndiyo maana picha imegeuka. Ona, hata maandishi ya mfuko wa pipi yamegeuka."

Bosi akacheka. "Kumbe! Nani atahangaika na kola, bwana?"

"Mama yake," Mutsumi alisema.

Sakuma akainama haraka, akafungua kifuniko cha chini, akatoa kioo. Wakawasha tena. Maandishi ya mfuko wa pipi yalisomeka vizuri sasa. Fundo la mkanda wa kiunoni lilirudi upande wake.

Kola haikuhama.

Hakuna aliyecheka tena. Na nyuma yao, karibu na jiko linalowaka, sauti ndogo ikasema, "Mama, nasikia baridi."

Usiku ule na siku iliyofuata Kotone hakupata joto. Mutsumi alimfunika, akamweka chupa za maji ya moto miguuni, akampeleka kwa daktari, na daktari akasema damu ni nzuri, mapafu ni mazuri, mpe uji. Mtoto hakuutaka uji. Alilala tu, midomo ikififia. Kabla ya kutoka kliniki, Mutsumi alikuwa amempigia Bosi simu.

"Niahidi hamtamwasha tena."

"Nakuahidi, mama Kotone. Tumeshafuta."

Ijumaa, kabla ya chakula cha mchana, simu ililia. Alikuwa Bibi Fusae, ananong'ona kutoka chooni.

"Mutsumi. Wamemwasha."

"Aliniahidi!"

"Wageni wenyewe si wa studio. Ni watu wa kuzika. Wanataka kuwauzia wafiwa picha za marehemu wao. Nimewasikia wakisema kola ile inafaa hivyo hivyo, isiguswe. Na Kotone yule wa ndani ya kuba… hajasimama tena."

"Yuko vipi?"

"Amelala. Mikono kifuani."

Mutsumi akageuka. Kwenye godoro, chini ya blanketi, Kotone alikuwa amelala chali. Mikono yake ilikuwa kifuani. Mutsumi hakuwa ameiweka pale.

Hakulia. Hasira ilimpanda, hasira ambayo hakujua kama anayo. Alimfunga mtoto mgongoni kama alipokuwa mchanga, akatoka na kandambili za ndani, akakimbia kando ya ziwa. Barafu nyembamba ilikuwa imeanza kushika ukingoni. Mgongo wake ulikuwa baridi kuliko upepo.

Aliusukuma mlango wa karakana kwa bega. Wanaume watatu waliovaa suti nyeusi walikuwa wameizunguka Pia, wamekunja mikono, wakitazama kwa heshima.

"Mama Kotone!" Bosi akanong'ona, uso umemwiva. "Nina wageni!"

"Na mimi nina mtoto! Ulisema studio, ukasema umefuta. Ulimtazama mwanangu akila kiazi chake, ukaona bidhaa ya msiba!"

"Ni mwanga tu. Ni mwanga na kitambaa, jamani. Usiniaibishe."

Mutsumi alimpita. Akaishika plagi, akaing'oa ukutani.

Ngurumo ikashuka. Skrini ikaonekana, ikizunguka, ikizunguka, ikichoka. Ikasimama. Projekta ilikuwa giza.

Mtoto alikuwa bado ndani.

Amelala hewani, kando ya skrini tupu. Kola ya wafu. Macho yamefumba. Sakuma alirudi nyuma mpaka ukutani. Mmoja wa wanaume wa suti alianza kuomba kwa sauti ndogo.

Macho yakafumbuka. Mdomo usio na meno ya mbele ukatikisika, bila sauti.

Mama.

"Nipo," Mutsumi alisema. "Mama yuko hapa."

Akaliinua kuba, akaliachia sakafuni. Lilivunjika. Akaingiza mikono yote miwili. Alitegemea kushika hewa. Alishika hariri. Hariri yenye ubaridi wa maji ya ziwa, na chini yake kifua kidogo, hakipandi, hakishuki.

Hakuiondoa mikono. Akaifungua kola. Akatoa upande wa kulia, akauweka ndani. Akachukua wa kushoto, akauvuta juu, akaubana. Vidole vyake vilikufa ganzi. Kitu kilivuta upande wa pili, polepole, kama mtu mzima anayetaka kukunja upya.

"Achia," alisema kati ya meno. "Achia! Huyu sikukupa."

Kitu kikaachia.

Mikono yake ilikuwa tupu. Mgongoni, mtoto alikohoa.

"Mama, nina njaa."

Bibi Fusae alikuwa tayari na chumvi ya kufukuzia kifo. Hakuinyunyiza kwa adabu, kama watu watokapo mazishini. Aliirusha ngumi kwa ngumi, kwenye suti nyeusi, kwenye viatu vya Bosi, usoni mwa Bosi.

"Nyumba yako iliwe na panya!" alimfokea, akilia. Kisha akavua koti lake, akamfunika Kotone, akawasindikiza hadi nyumbani.

Jioni Kotone alikula mabakuli mawili ya wali na yai, akaoga maji ya moto, mashavu yakarudi mekundu. Mutsumi alimkausha, akapiga magoti mbele yake, akaweka sikio kifuani pake, kushoto, ili ausikie moyo na yeye mwenyewe apate kupumua.

Kimya.

Akabana sikio zaidi. Kimya kabisa.

"Unanitekenya!" Kotone akacheka.

Mutsumi alisogeza sikio, kidogo kidogo, akavuka katikati ya kifua. Kulia, mahali ambapo haukuwa umewahi kukaa, umegeuka kama picha ya kwenye kioo, moyo ulikuwa unapiga. Imara. Wa moto.

Akafunga vifungo vya pajama kimoja kimoja, akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

"Ni wangu," alisema, macho yakiwa mlangoni, kwa sauti ya mtu anayegombana. "Vyovyote alivyo, ni wangu."