Viatu vya Ukurasa wa Thelathini

"Mwalimu, hapa pana kosa."

Bwana Hirasawa alisema hivyo bila kuinua kichwa. Ni mhariri wangu, na "Mwalimu" ndivyo wanavyoitwa wachora katuni huku. Tangu saa tatu asubuhi alikuwa amekaa jikoni kwangu akinywa chai ya shayiri, akisubiri kurasa za mwisho za hadithi yangu ya katuni. Wahariri wa hapa Tokyo ndivyo walivyo. Ukichelewa, anakuja kukukalia nyumbani mpaka wino ukauke.

"Kosa gani tena?"

Wiki tatu nilikuwa sijalala vizuri. Mkono umekufa ganzi, macho yanawasha, na mapenzi yenyewe nilikuwa nimeyachoka, ya karatasini na ya kweli.

"Nagi ameondoka ukurasa wa ishirini na nane. Amepanda treni, amerudi kwao, Fumi amebaki peke yake. Sawa?"

"Sawa."

"Basi ukurasa wa thelathini, pale mlangoni, hivi viatu vya pili ni vya nani?"

Nikaisogelea karatasi.

Nagi na Fumi ni wasichana wawili wa chuo wanaopendana. Hadithi yao tuliichukulia kwa uzito, hatukuiandika ili watu wacheke pembeni. Watu niliwachora mimi. Nyumba, vituo vya treni, vyombo, mvua, vyote alivichora Towako. Kwenye jalada kulikuwa na jina langu tu, Kanbara Chizuru. Towako, mwanamke mwenzangu, tulikaa naye miaka sita, chungu kimoja, kitanda kimoja, na kila mgeni nilimwambia:

"Huyu ni msaidizi wangu."

Nikalirudia neno hilo kwenye sherehe ya jarida linalotuchapisha, mbele ya watu sabini. Hakupiga kelele. Kesho yake akafunga mkoba, akaenda kwao Akita, ambako mama yake alikuwa na picha ya mwanaume aliyemtafutia ndoa. Mimi kwa hasira nikaandika Nagi aondoke jumla, nikamtumia rasimu. Kurasa zikarudi kwa posta zimechorwa kila kitu, bila hata salamu.

Sasa naviona viatu. Vya Fumi vimepangwa vizuri, ncha zikiangalia mlango kama inavyotakiwa. Vya pili vimetupwa ovyo, ncha zikiangalia ndani, kisigino cha kushoto kimelika. Vile nilivijua! Miaka sita nimeinama kuvigeuza huku nikimsema Towako: "Hivi kwenu hamkufundishwa?"

"Amepitiwa tu," akasema Bwana Hirasawa. "Wino mweupe, dakika mbili, kwisha."

Nikafungua kichupa. Nikachovya brashi. Mkono ukagoma. Nikaweka brashi chini, nikapiga simu.

"Haloo." Sauti imechoka kuliko yangu.

"Ukurasa wa thelathini. Umechora viatu vyako."

"Lo. Mkono umezoea, Chizu. Nilikuwa nimechoka. Vifute."

"Yule bwana unaonana naye lini?"

"Leo saa nane. Mama kaenda kutafuta mkanda wa kimono, ndiyo maana naongea."

"Usiende."

"Nirudi nije kuwa nani? Msaidizi? Huko karatasini unawashikisha Nagi na Fumi mikono kituoni watu wakiwaona. Mimi tukienda dukani unatangulia hatua tatu mbele. Hata hasira sina, Chizu. Nimechoka."

Yalinichoma kwa sababu yalikuwa kweli tupu. Nikabonyeza kipaza sauti, nikailaza simu mezani mbele ya mhariri.

"Bwana Hirasawa, kuna jambo. Towako si msaidizi wangu. Ni mpenzi wangu, mwaka wa sita huu. Na hadithi hii nusu ni yake. Nataka jina lake liwe kwenye jalada."

Mhariri akamalizia chai yake taratibu.

"Mwalimu, nyumba hii naijia miaka sita. Miswaki miwili, kitanda kimoja. Kuhesabu nimesoma."

"Ulijua?"

"Nilingoja mseme wenyewe. Kujifanya kipofu nako kunachosha."

Kwenye simu nikasikia mtu anavuta kamasi, kisha sauti ya mama mtu mzima: "Wewe Towako! Unalia nini na poda nimeshakupaka?"

Simu ikakatika.

"Na jalada?" nikauliza.

"Nitagombana na wakubwa wangu, si mara ya kwanza. Lakini Nagi ameshapanda treni, na wachapaji wanangoja mpaka saa kumi."

"Basi ngoja nimshushe."

Nikachora. Kama saa saba ujumbe ukaingia: "Nimemwambia mama kila kitu. Hanisemeshi. Yule bwana amepigiwa simu asije. Viatu usifute."

Nikajifuta macho na kiwiko, maana vidole vilikuwa na wino. Ukurasa mpya wa ishirini na tisa ukawa mwepesi: Fumi anafungua mlango, Nagi amesimama na mkoba wake. Hawabusiani, hawalii. Bwana Hirasawa aliusoma mara mbili, akautia kwenye bahasha, akaondoka mbio bila kufunga kamba za viatu.

Kesho yake alasiri mlango ukafunguliwa. Towako, macho mekundu, nywele zimechafuka kwa safari. Akavua viatu, akavitupa vilevile kama kawaida yake.

"Nimerudi."

"Karibu nyumbani. Mama je?"

"Bado hanisemeshi. Nilipokuwa natoka akanisukumia hiki kifurushi. Matonge ya wali."

Nikakifungua pale pale mlangoni.

"Yamo mangapi?" akauliza.

"Manne."

Tukatazamana. Towako peke yake hajawahi kumaliza zaidi ya mawili, na mama yake ndiye anayejua hilo kuliko mtu yeyote. Towako akaegemea ukuta, akalia kimya kimya, nami nikamshika mkono, mlango ukiwa bado wazi na majirani wakipita.

Baadaye nikainama kwa mazoea nivigeuze viatu vyake vielekee nje. Nikaviacha vilivyo.