Jenereta ya Mazishi ya Machogu

Mlima uliporomoka mbele ya pikapu, ukameza barabara pamoja na migomba yake. Duke alikanyaga breki, akarudi kinyumenyume, na huko nako udongo mwekundu ukashuka. Wakakwama katikati, huku juu kwenye milima ya Manga, mvua ikipiga kama iliyotumwa.

Walikuwa watatu. Duke, mwenye kukodisha spika za mazishini, mkewe Emily, na Nyangate, mama yake Duke, mrija wa oksijeni puani. Mapafu yake yalikuwa yamechakaa, hakai bila mashine. Lakini kaka yake Machogu alikuwa akizikwa Ijumaa hiyo, na Waadventista hawangoji jua likazama Sabato ikaingia. "Nimwone uso tu," alikuwa amesema. Nani angemkatalia?

Sasa betri ya mashine ilikuwa inalia. Wakambeba mama hadi kibanda cha kupimia majani chai. Duke akashusha jenereta yake ndogo, ile ya gesi, akawa anaiburuta kuingia nayo.

Emily akamzibia mumewe mlango. "Baba Purity, hapana."

"Mvua itaiua!"

"Na moshi utatuua sisi. Umesahau watoto wa jirani yetu Ogoti, walioiwasha ndani? Walilala, wakalala kabisa."

Duke akairudisha mvuani. Wakaiweka nje, mbali na mlango, upande upepo unakoelekea, juu ya mawe. Wakaisimamishia bati juu ya nguzo, pande zote wazi. Mtungi wa gesi wakausimamisha wima, Emily akapaka povu la sabuni kwenye maungio. Halikuvimba; gesi haikuwa inavuja. Jenereta ikawashwa bila kubeba kitu, ikatulia mlio wake, ndipo mashine ya mama ikachomekwa. Peke yake.

Baridi ikazidi. Nyangate akatetemeka hata meno yakagongana. Duke akachukua birika la umeme analowapikia chai wapiga vinanda wake.

"Duke, weka chini hiyo."

"Hii jenereta imebeba spika mbili na kelele zote za wanasiasa. Itashindwa na birika?"

Akachomeka. Jenereta ikanguruma kwa uchungu, ikazima. Mama akafungua mdomo kama samaki aliyetupwa majanini.

"Chomoa yote!" Emily alikimbia mvuani. Akaizima swichi, akaiwasha jenereta upya, akaisubiri itulie. Akarudisha mashine tu. Taratibu, rangi ikarudi midomoni mwa mama.

"Kelele ni nyepesi kwa jenereta," Emily alisema akihema. "Joto ndilo zito."

Duke aliliweka birika mbali. Alivua koti lake, akamfunika mama, akamkumbatia miguu.

Walichaji simu kidogo tu. Okemwa, mtoto wa marehemu, akasema kwa simu kwamba barabara haipitiki, vijana wanakuja kwa miguu. "Leteni gesi," Emily akamwambia.

Mtungi ukawa mwepesi. Mvua ikakatika, jua likaegemea magharibi, na jenereta ikakohoa mara moja, ikafa. Emily akafunga valvu. Betri ya mashine ilikuwa imepata chaji kidogo, ya kupumulia tu.

Ukimya ukaanguka. Ndipo, kutoka ng'ambo ya bonde, wimbo ukavuka.

Nyangate akainua mkono. "Nyamazeni. Wanamshusha."

Akasikiliza hadi mwisho, machozi yakifuata mikunjo ya uso. Mwanawe alilia waziwazi, kama mtoto.

Mapanga yakasikika kichakani. Okemwa akatokea, matope hadi kiunoni, begani amebeba mtungi wa jikoni kwao. "Shangazi, tusamehe. Sabato haikutungoja."

"Hamna kosa, mwanangu. Nimemsikia akienda."

Wakaiwasha jenereta kwa mtungi huo, wakaungoja umeme ujaze betri, kisha wakambeba mama juu ya kiti, na vijana wengine jenereta na spika, wakipokezana, kuvuka maporomoko. Jua lilikuwa linazama Nyangate alipouweka mkono wake kwenye udongo mbichi wa kaka yake.  Aliutuliza udongo tu, kama mtu anayemfunika mtoto.

Watu wakamwomba Duke awashe spika, wafiwa wafarijiwe kwa nyimbo. Akatikisa kichwa. Akaipeleka jenereta nyuma ya migomba, mbali na nyumba, akachomeka kitu kimoja tu: mashine ya mama yake. Akaketi hapo kando, akiusikiliza mlio wake.