Simu Isiyo na Jina

Siku ya soko pale Tarime, stendi imejaa mpaka pikipiki zinasukumwa kwa mikono, bisibisi ilidondoka kutoka juu ikatua ndani ya sufuria ya Tabitha, muuza chai.

"Samahani dada, imeniponyoka," sauti ikasema juu ya ngazi.

"Shuka. Chai hii sasa ni yako yote."

"Yote? Nitaimaliza lini?"

"Hilo utajua wewe."

Godwin, fundi wa intaneti, akashuka na waya begani, jinzi imejaa vumbi. Tabitha, ndani ya dera la zambarau, alikuwa amebana midomo asicheke. Tangu hapo kijana hakunywa chai kwingine, na uchumba ukaanzia kwenye vikombe.

Akamfungia ruta, kiboksi cha kugawa intaneti, ukutani pale kibandani.

"Ona, Roho yangu. Kundi hili ni Wateja. Nusu saa ikiisha inawakatia. Akinunua chai nyingine, unamfungulia tena. Hili ni Nyumbani, halikati. Humu tuko wawili tu."

"Na mama?"

"Mama ana simu ya kitochi, ataingilia wapi?"

Simu ya Tabitha akaiandika Roho Yangu. Akamfundisha kuhamisha simu ya mtu toka kundi moja kwenda jingine kwa kidole.

"Ukinikasirikia usinitoe."

"Itategemea," Tabitha akacheka.

Jumamosi wazee wa Godwin wangetoka Susuni kuja kuongea habari ya ng'ombe wa mahari. Mama yake Tabitha alishaazima viti. Wiki hiyo Godwin alikuwa Mugumu kikazi, na huku nyuma simu ya Tabitha ikagoma. Fundi simu akaifuta yote, ikaanza upya. Tabitha akaiunganisha tena Nyumbani, neno la siri alilijua kwa moyo. Hakujua kwamba simu ikifutwa hivyo inaweza kuingia kwenye ruta kama mgeni.

Godwin alijua. Lakini wivu ukishaingia, vijana wangu, hata ulichosomea unakisahau. Akachungulia ruta kwa simu yake akiwa kulekule Mugumu. Roho Yangu haipo. Ndani ya Nyumbani kuna simu isiyo na jina.

Akapiga. "Uko na nani?"

"Na mama. Tunamenya viazi."

"Kuna simu ya mtu humu. Umempa nani neno la siri?"

"Hakuna mtu, Godwin. Ongea na mama basi."

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Tuko wawili tu hapa."

Akakata, akijiambia mama lazima amtetee mwanawe. Akaifungia ile simu isiyo na jina isiingie tena mtandaoni, kisha akampigia baba yake mdogo: wazee wasije.

Jumamosi viti vilikaa uani vitupu tangu asubuhi. Baba yake Tabitha alikaa amevaa koti lake mpaka jua likazama, akaingia ndani. Mama akavirudisha viti kwa majirani, akisema shughuli imesogezwa.

Godwin aliporudi, aliishika simu ya Tabitha, akalinganisha namba zake na zile za kwenye ruta.

"Ni simu yako mwenyewe. Roho, nisamehe. Wazee nitawaleta hata kesho."

"Nilikuambia niko na mama. Mama akakuambia. Ukaona hicho kiboksi ndicho kinasema kweli."

"Ni wivu. Nakupenda."

"Najua. Baba hajakaa tena pale uani."

Godwin akamfungulia simu yake. Tabitha akaipokea, na kwa kidole kilekile akamtoa Godwin Nyumbani, akamweka kwa Wateja. Akamimina chai.

"Karibu."

Godwin akanywa taratibu. Tabitha akapuliza mkaa uliokuwa umeshawaka, macho yanamtoka machozi, akausingizia moshi. Nusu saa ikaisha, mtandao ukakatika kwenye simu ya Godwin. Akamtazama.

Tabitha alikuwa ameshasuuza kikombe cha pili, amekishika, anasubiri aagize chai nyingine amfungulie tena.

Hakuagiza. Akachukua ngazi yake, akaondoka.