Sanduku Namba Moja la Iringa

Kila asubuhi katika likizo ile ya Juni 1979, Ng'washi Masunga alipanda mlima kutoka Ipogolo hadi Iringa mjini pamoja na shangazi yake, Helena Budeba. Helena alikuwa mwendeshaji wa kompyuta katika ofisi ya mradi wa maji mjini kwao Mbeya, na ofisi ya Iringa ilikuwa imemwazima kwa muda. Helena alitembea kama mtu aendaye kazini. Ng'washi, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alitembea kama mtu ambaye shangazi yake anaendesha kompyuta. Shuleni kwao Soweto, mtaa wa Mbeya alikoishi na shangazi, alikuwa wa kwanza katika hesabu, jambo ambalo hakumpa mtu yeyote nafasi ya kulisahau.

Kompyuta ya Iringa ilikuwa na kioo, kibao cha kuchapia na masanduku mawili ya kusomea diski. Diski zenyewe zilikuwa bapa na laini, ndani ya bahasha nyeusi, zenye upana wa sahani. Kiwanda kilikuwa kimebandika namba kwenye masanduku: 1 na 2. Siku zote Ndugu Kalinga, mkuu wa ofisi, ndiye aliyeweka diski, na Helena akachapa.

Siku ya mwisho ilibaki kazi ya kunakili diski ya mvua ya bonde la Usangu. Humo mlikuwa na vipimo vya masika yote, vilivyochukuliwa na wapimaji wa vijijini. Mmoja wao alikuwa Masunga, babake Ng'washi, aliyesoma kipimo chake kila asubuhi kabla ya kufungulia ng'ombe. Fomu walizojaza hazikuwapo tena: paa la ghala lilikuwa limevuja, na karatasi za mvua zikaharibiwa na mvua. Diski ile ndiyo pekee iliyobaki.

"Weka diski ya mvua kwenye sanduku namba moja, na ile tupu kwenye lingine," alisema Helena. "Usibonyeze kitu. Namwita Ndugu Kalinga aje kushuhudia."

Ng'washi aliziweka. Mlangoni alisimama Anania, mtoto wa Ndugu Kalinga, rika lake.

"Umekosea," alisema Anania. "Hilo lililoandikwa moja, mashine inaliita sifuri. Lililoandikwa mbili ndilo inaliita moja. Baba hulalamika kila siku."

"Sifuri? Nyie watu wa Iringa mkiwa na ng'ombe mmoja mnasema mna sifuri?"

"Siyo mimi niliyesema. Ni mashine."

"Mimi nimezoea kompyuta. Wewe umezoea kuchungulia mlangoni."

"Haya, dada wa Mbeya. Utajua mwenyewe." Anania akatoka kwenda uani.

Ni kweli kwamba Ng'washi alikuwa amezoea kompyuta, ikiwa kukaa kitini na kuitazama ni mazoea.

Helena alirudi na Ndugu Kalinga, ambaye aliitazama saa yake. Lori la kwenda Mbeya lilikuwa likingoja nakala hiyo. Helena akachapa amri, nayo ikatokea kwenye kioo: nakili kutoka 1 kwenda 0.

Ng'washi aliisoma, kisha akayatazama masanduku. Kulikuwa na 1. Kulikuwa na 2. Sifuri haikuandikwa popote. Akisema, itambidi akiri kwamba alimcheka aliyejua. Akinyamaza, huenda masika yote ya babake yatafutika mbele ya macho yake. Kidole cha shangazi kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Shangazi, ngoja!"

"Nini tena?"

"Sina uhakika na nilivyoziweka. Anania aliniambia nimekosea, nikamcheka."

Helena akaondoa kidole. Ndugu Kalinga akainama, akayakagua masanduku.

"Diski ya mvua iko kwenye sifuri," alisema hatimaye. "Ungebonyeza, Dada Helena, mashine ingeandika utupu juu ya vipimo vyote."

"Nilisema moja nikiwaza moja ya mashine," alisema Helena polepole. "Mtoto akasoma moja ya kiwanda. Kila mmoja wetu alikuwa sahihi, na kwa usahihi huo tungepoteza kazi ya wilaya nzima."

Anania aliitwa, naye hakuchelewa.

"Kwa hiyo watu wa Iringa tunajua kuhesabu?"

"Mnajua. Ila mnaanzia mahali pa ajabu," alijibu Ng'washi. "Samahani, Anania."

Helena alibandika plasta juu ya namba za kiwanda, akaandika 0 na 1, akazibadilisha diski, ndipo akabonyeza. Alipofungua nakala, tarakimu zilipanda kwenye kioo mpaka likatokea jina la Masunga Budeba. Hakuna asubuhi hata moja iliyokosekana. Ng'washi alisimama wima kama aliyeitwa kupokea zawadi.

"Waliotengeneza masanduku ni wasomi, na waliotengeneza mashine ni wasomi," alisema Ndugu Kalinga, "lakini hawakuulizana wanaanzia wapi. Kujua hesabu ni jambo jema, binti. Kusema 'sina uhakika' mbele ya watu, wakati bado kuna la kuokoa, ni jambo jema zaidi."

"Nitamweleza baba yako yote," alisema Helena, akiifunga nakala ndani ya bahasha. "Kwamba ulimdharau mwenzako, na kwamba ulikiri kabla sijabonyeza. La kwanza litamchukiza. Kwa la pili atajivuna mbele ya kijiji kizima, nami nitamsaidia."